Simu ya Dereva Imelia Tena

Benchi langu liko ng'ambo ya geti la hospitali, chini ya kibaraza cha Kinyozi. Lina miguu mitatu na tofali moja. Nauza kahawa hapo tangu kabla ya tofali, na wanaolikalia ni wale wale: Kinyozi mwenyewe, anayenyoa kichwa kimoja asubuhi nzima kwa sababu kila mara anatoka nje kuchangia hoja, Rufaa, aliyewahi kushitakiana na jirani kwa ajili ya ukuta, akashindwa, na tangu hapo kila jambo kwake ni kesi, na yeyote mwenye mgonjwa ndani, maana hospitali haitaki ndugu wajazane kwenye korido. Zamani mlinzi alikuwa anatoka getini na kipaza sauti cha mkononi, anaita jina la mgonjwa mpaka mtaa mzima unajua nani anaumwa, na ndugu anavuka barabara. Siku ninayoisimulia ilikuwa ya kwanza bila kipaza sauti. Tangu asubuhi ndugu walikuwa wanaitwa kwa ujumbe wa simu, na aliyeutengeneza mpango huo alikuwa amekaa mwisho wa benchi langu, kompyuta magotini, kahawa mkononi haijaguswa. Ni binti wa kaka yangu. Kazini kwake walimtuma akae karibu na hospitali siku ya kwanza, endapo litatokea lolote, na mimi nilishajivuna naye mpaka watu wakachoka kunisikiliza.

Simu ya Dereva ikalia.

Dereva ni wa malori, mtu wa mwili mkubwa na sauti ndogo. Mama yake alikuwa wodi ya macho, anangoja kutolewa mtoto wa jicho. Akausoma ujumbe, akaniwekea kikombe mkononi kama vile mimi ni meza, akavuka barabara, akamwonyesha mlinzi simu, akaingia.

— Huyo si ametoka ndani sasa hivi? aliuliza Rufaa.

— Katoka, kakaa, kaitwa tena, alisema Kinyozi, mkasi mkononi. Mteja wake alikuwa amechungulia mlangoni na kitambaa shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa.

— Na kabla ya hapo?

— Kabla ya hapo pia.

Mpwa wangu aliinua macho. Ujumbe wa kwanza wa Dereva ulipoingia asubuhi, alinitazama akatabasamu, kwa sababu kitu chake kilikuwa kimefanya kazi. Wa pili hakutabasamu. Huu wa tatu ulimfanya ashushe kikombe chini, karibu na mguu wa tofali, akasahau kwamba ni chake.

Dereva akarudi, jasho limemjaa kwenye nyusi.

— Wamesemaje? niliuliza.

— Wamesema hawajaniita.

— Hawajakuita vipi, na simu imelia?

— Nesi kasema daktari wa macho hajafika. Mama amekaa kitandani anazungumza na wenzake. Akaniangalia kwa lile jicho zima, akaniuliza, kwani wewe leo huna kazi?

Tulicheka. Yeye hakucheka. Alikaa, benchi likayumba, na Seremala aliyekuwa pembeni yake akaishika simu yake mwenyewe isianguke.

Huyu Seremala lazima niwaambie vizuri. Alikuja asubuhi na mapema akiwa bado na penseli nyuma ya sikio na vumbi la mbao kwenye nywele za mikono. Mke wake alikuwa wodi ya wazazi. Mimba ya kwanza iliwaharibikia ikiwa imekua kabisa, tayari kitanda cha mtoto ameshakiunda mwenyewe, na kile kitanda akakifunika turubai. Hii ilikuwa ya pili. Simu yake aliiweka juu ya goti, uso juu, na kila baada ya muda alikuwa anaifuta kwa kidole gumba japo haikuwa na vumbi. Haikuwa imelia tangu afike.

— Wewe ndugu yangu ushukuru, Kinyozi alimwambia. Simu ikinyamaza, mambo ni mazuri.

— Wamenipima damu, alisema Seremala. Inamfaa. Wameniambia nikae karibu, ikihitajika wataniita.

— Hujaitwa?

— Sijaitwa.

— Basi haihitajiki. Kunywa kahawa.

Akanywa. Nilimwona akiimeza kama dawa.

— Mimi nitawaambia kinachoendelea kwa Dereva, alisema Rufaa, akajivuta mbele. Hospitali inatengeneza ushahidi.

— Ushahidi wa nini?

— Wanakuita mara nyingi ili ibaki kwenye kumbukumbu kwamba uliitwa. Kesho likitokea jambo, wewe ukienda kulalamika, wanakuwekea mezani: huyu tulimwita asubuhi, tulimwita saa nne, tulimwita tena. Wewe utasema nini?

— Nitasema nilienda.

— Nani alikuona?

— Mlinzi kaniona. Nesi kaniona. Mama yangu kaniona.

— Mama yako ana mtoto wa jicho. Hakimu atamkubali huyo?

— Rufaa, acha kumtisha mwenzio, nilisema.

— Simtishi. Namwandaa.

Kinyozi akampuuza kwa mkono wenye mkasi, na mteja wake akajikunyata mlangoni.

— Sio kesi. Ni mtambo. Huu mtambo unajifunza tabia za watu. Umetuma ujumbe kwa ndugu wote, ukaona nani anakimbia haraka. Dereva kakimbia. Basi umemchagua. Hata mimi nilipokuwa nafanya kazi kwa mtu, tulikuwa saba, lakini tajiri akitaka maji alikuwa ananiita mimi tu, kwa sababu nilikuwa naitika.

— Kwa hiyo nisiitike?

— Ukikaa kimya, mtambo utatafuta mwingine.

— Na kama ndio wakati mama anaingizwa chumba cha upasuaji?

Kinyozi akarudi ndani kunyoa kidogo.

Simu ya Dereva ikalia tena.

Safari hii hakusimama mara moja. Aliishika kwa mikono miwili, akausoma, akatazama geti, akatazama sisi. Nimewauzia kahawa watu wa hospitali miaka mingi, na ile sura naijua. Ni ya mtu anayejua ataambiwa hajaitwa, na anajua pia kwamba mara moja tu asipokwenda, hiyo ndiyo itakuwa ya kweli.

— Nenda, alisema Seremala kwa sauti ya chini. Bora uende.

— Ukikaa hapa utajilaumu, niliongeza.

Akaenda. Mlinzi sasa alikuwa ameshachoka naye, akamfungulia bila kuusoma ujumbe.

— Namba yake ina pacha, alisema Rufaa. Kuna mtu mwingine mjini mwenye namba ile ile. Nimeshalisikia hilo mahakamani.

— Ulilisikia kwenye kesi ya ukuta? Kinyozi aliuliza akiwa ndani.

— Mahakamani unasikia mengi ukiwa unangoja.

— Mimi naona ni mama mwenyewe, Kinyozi akatokeza kichwa. Msicheke. Mama akiwa na jambo moyoni, hata simu ya mwanawe inajua. Mama mkwe wangu alipokuwa anaumwa, redio yangu ilikuwa inajizima yenyewe.

— Redio yako ilikuwa na betri mbovu.

— Ilijizima saa ile ile.

— Saa ile ile ya nini?

— Ya kuumwa kwake.

— Aliumwa miezi mitano.

— Basi na ilijizima miezi mitano.

Nilimtazama mpwa wangu. Kila mtu alikuwa anacheka isipokuwa yeye na Seremala. Seremala nilielewa. Yeye nilianza kumwelewa. Alikuwa ameifungua kompyuta, anaitazama, anaifunga, anaifungua tena. Mtoto huyu nilimlea likizo zote. Alipokuwa mdogo akivunja kitu alikuwa anakuja kusimama karibu nami, hasemi neno, ananishika nguo. Sasa mkono wake ulikuwa umeshika pindo la aproni yangu, na sidhani kama alijua.

— Kuna nini? nilimuuliza taratibu.

— Hakuna kitu, Shangazi. Nafikiri tu.

— Fikiri kwa sauti.

— Siwezi kusema jambo ambalo sina hakika nalo. Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza kubwa.

Dereva akatokea getini. Kabla hajafika katikati ya barabara, simu ikalia mkononi mwake. Akasimama pale pale, pikipiki ikamkwepa. Haijanyamaza vizuri ikalia tena. Mara mbili, moja juu ya nyingine. Hajui arudi au aje. Mlinzi alimpungia kutoka upande ule, sisi tunampungia kutoka upande huu, na yeye kasimama, mtu mzima na mwili wake wote, kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

Hatimaye akaja kwetu.

— Niondoleeni hii simu, alisema. Naogopa. Kweli kabisa naogopa.

Mpwa wangu akasimama.

— Baba, naomba niuone huo ujumbe.

Akampa. Tukausoma wote, vichwa vimegongana. Ulikuwa na mstari mmoja: Ndugu wa mgonjwa, fika getini mara moja.

— Hakuna jina, alisema Rufaa.

— Hospitali haikutaka majina, alisema mpwa wangu. Walisema mtaa umechoka kujua magonjwa ya watu kwa kipaza sauti. Wakataka siri. Akanigeukia. Shangazi, nipe vikombe vinne vinavyofanana.

Nikampa. Akavipanga kwenye benchi, kimoja baada ya kingine. Akamwita Kinyozi aje, afumbe macho, ashike birika.

— Kwa nini mimi?

— Kwa sababu unaitika, alisema Dereva.

Kinyozi akafumba macho. Mteja wake naye akatoka kabisa, nusu kichwa, akasimama kuangalia.

— Ukurasa wa manesi una vichupo vinne juu, alieleza mpwa wangu. Ukibonyeza kichupo, wodi ile inafunguka. Cha kwanza Macho. Cha pili Wazazi. Cha tatu Watoto. Cha nne Upasuaji. Ndani ya kila kimoja kuna mgonjwa ambaye zamu yake imefika, na chini yake kitufe kimoja kilichoandikwa Ita Ndugu. Vitufe vinne, vinafanana kwa kila kitu, kama hivi vikombe.

— Tumekuelewa, nilisema, ili apate nguvu.

— Mwanzoni kila kitufe kilikuwa na mtumishi wake. Namaanisha kipande cha maagizo: nikibonyezwa, tuma ujumbe kwa ndugu wa mgonjwa wangu. Maagizo manne, yale yale, neno kwa neno. Mkubwa wangu akaniambia, watumishi wanne wa nini kwa kazi moja? Weka mmoja awatumikie wote. Na ni kweli, ndivyo inavyotakiwa. Ukitaka kubadilisha neno, unabadilisha mahali pamoja. Nikawaondoa wale, nikabaki na mmoja.

— Bila notisi, alisema Rufaa.

— Nyamaza wewe, nilimwambia.

— Kinyozi ndiye huyo mtumishi. Baba, usifumbue macho. Nikigonga kikombe kwa kijiko, jaza kikombe.

Akagonga cha kwanza. Kinyozi akapapasa kuanzia kushoto, kidole kikagusa kikombe cha kwanza, akamimina. Vizuri kabisa, hata tone halikumwagika. Akatabasamu huku kafumba macho.

Akagonga cha tatu. Kinyozi akapapasa kuanzia kushoto, kidole kikagusa kikombe cha kwanza, akamimina. Kahawa ikafika ukingoni.

Akagonga cha pili. Kinyozi akapapasa kuanzia kushoto. Kahawa ikamwagika kwenye benchi, ikapita chini ya paja la Rufaa, akaruka. Mpwa wangu akagonga cha pili tena, na Kinyozi akamimina tena pale pale.

— Fumbua, alisema.

Kinyozi akafumbua. Kikombe kimoja kilikuwa kinaelea kwenye kahawa yangu. Vitatu vilikuwa vikavu.

— Mbona hukuuliza nimegonga kipi?

— Hukuniambia niulize, Kinyozi akajitetea. Umesema nikisikia kugonga nijaze kikombe. Nimepata kikombe, nimejaza.

— Ndiyo, alisema mpwa wangu. Na mimi sikumwambia aulize. Anasikia kuna kitufe kimebonyezwa, anaingia kwenye ukurasa kutafuta kitufe chenye jina Ita Ndugu, cha kwanza anachokiona kiko Macho, anaridhika. Na Macho, mgonjwa wa juu tangu asubuhi ni mama yake Dereva, kwa sababu daktari hajafika.

Dereva akaitazama simu yake kwa jicho jingine.

— Kwa hiyo mama hana shida.

— Mama yako hajaitiwa mtu hata mara moja, baba. Nadhani.

— Kwani hukujaribu kabla? aliuliza Rufaa, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuuliza kama wakili.

— Nilijaribu vyote vinne. Nilitengeneza wagonjwa wa kubuni, na wote nikawaandikia namba yangu mwenyewe. Nikabonyeza Macho, simu yangu ikalia. Nikabonyeza Wazazi, ikalia. Watoto, ikalia. Upasuaji, ikalia. Nilifurahi. Nilimpigia Shangazi kumwambia inafanya kazi.

Kweli alinipigia. Nilimwambia nilijua tu ataweza. Nikaenda kumwamsha Kinyozi kumwambia, na Kinyozi akasema, hata mama yangu mimi hakuwahi kujivuna hivyo.

Tulikaa tukavitazama vile vikombe. Seremala ndiye aliyenyoosha mkono. Ana vidole virefu, kucha zimekatwa mpaka mwisho. Akagusa kikombe cha pili, akakigeuza, akaona ndani hamna kitu.

— Hiki umekigonga mara mbili, alisema. Moja juu ya nyingine.

— Nilikuwa naonyesha tu, baba. Siyo kwamba najua.

— Hiki ni cha wodi gani?

Alikuwa amemsikia akivitaja. Sote tulikuwa tumemsikia.

— Huenda zile mbili za barabarani zilikuwa za watoto, alisema Rufaa. Huenda za upasuaji. Huwezi kusema moja kwa moja.

Seremala alikuwa ameshavuka barabara.

Mlinzi akamsimamisha. Tuliona mdomo wa mlinzi ukisema neno ambalo siku nzima lilikuwa halimhusu mtu isipokuwa Dereva: ujumbe. Ndiyo amri mpya. Anayeingia awe na ujumbe. Seremala akamwonyesha simu yake, skrini tupu, akaigeuza, akaionyesha tena, kana kwamba upande wa pili ungekuwa na kitu. Mlinzi akatikisa kichwa. Si mtu mbaya, yule mlinzi. Aliambiwa asiruhusu, naye haruhusu.

— Mwambie kwa mdomo, mwambie kuna damu, nilipiga kelele, lakini malori yalikuwa yanapita.

Dereva akainuka. Akaenda taratibu, si kwa kukimbia, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Alipofika getini akaiweka simu yake kwenye kiganja cha Seremala, akafunga vidole vya mwenzake juu yake, akamgeukia mlinzi.

— Huu hapa ujumbe wake, alisema. Ulikuja kwangu kwa makosa.

Alitusimulia baadaye kwamba mlinzi aliusoma mara mbili, akausogeza juu akaona zile nyingine zote, akafungua geti lote badala ya mlango mdogo. Seremala akaingia na simu mbili, na penseli bado nyuma ya sikio.

Mpwa wangu alikuwa ameshaipata ofisi ya hospitali kwa simu. Wakamwambia angoje, wakamwekea muziki.

— Wananipigia muziki, Shangazi.

— Kata upige tena.

— Nikikata narudi mwisho wa foleni.

— Huwezi kurekebisha hapo hapo?

— Nimeanza. Ni mstari mmoja. Badala ya kutafuta kitufe kwenye ukurasa, amuulize yule aliyebonyezwa: wewe ni wa wapi? Ni hilo tu. Akaandika. Naweza kurekebisha ujumbe unaokuja. Ule uliokwisha kwenda siwezi.

— Waambie wampe mlinzi kipaza sauti chake, alisema Kinyozi. Siri baadaye.

— Ndicho ninachotaka kuwaambia. Muziki haujaisha.

Dereva akarudi akakaa. Mikono yake ilikuwa haijui pa kukaa sasa, ikatafuta simu mfukoni, ikakumbuka, ikatulia. Nikampa kikombe chake, kimepoa, akanywa hivyo hivyo. Rufaa akaanza kusema kwamba kwa sheria Seremala ana haki ya, halafu akaacha, akachukua kitambaa changu akaanza kufuta kahawa kwenye benchi. Sijawahi kumwona Rufaa akifuta kitu.

— Ni mimi, alisema mpwa wangu. Kama kuna kitu kimempata mke wa Seremala, ni mimi.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilimwambia neno zuri. Nilimwambia asogee nipate kukaa, nikakaa, nikamshika mkono, na ule muziki ukawa unasikika kwenye simu yake, wa kijinga, wa furaha.

Hapo ndipo alipofika dada yake Dereva. Hatukuwa tunamjua. Mwanamke mfupi, mfuko wa nguo za mgonjwa begani na chupa ya chai kwapani, anahema. Akamsalimu kaka yake kwa kumpiga bega.

— Wewe, simu yako anayo nani?

— Nimemwazima mtu.

— Nimekupigia kukuuliza mko wapi. Kapokea mwanamume. Kabla sijasema halo akaniambia, nesi, niko mlangoni, nimekuja, nifungulieni. Nikamwambia mimi siyo nesi. Akanyamaza, halafu akaniambia tena vile vile, nifungulieni, kana kwamba hajanisikia. Kisha akakata.

Dada akaweka chupa ya chai chini, akatutazama mmoja mmoja, mimi, Rufaa, Kinyozi na mkasi wake, yule mteja nusu kichwa, mpwa wangu na kompyuta.

— Huyo mtu yuko mlango gani? aliuliza. Na mbona hawamfungulii?

Kinyozi, ambaye ana jibu la redio kujizima, alitazama ndani ya birika. Nikalichukua nikalitikisa, lilikuwa jepesi. Kilichobaki nilikimimina kwenye kikombe cha Seremala, nikakiweka ukingoni mwa jiko kisipoe.

Muziki kwenye simu ya mpwa wangu ulikatika. Akasema, ndiyo, ni mimi, tafadhali msibonyeze tena, mwiteni kila mtu kwa sauti. Akasikiliza. Akasema ndiyo, kwa sauti, majina.

Baada ya muda mlinzi alitoka nje ya geti na kile kipaza sauti. Alikipuliza kwanza, kikakwaruza. Akakitazama kikaratasi mkononi, akakisogeza kipaza sauti mdomoni, akavuta pumzi.

Sote tulisimama, hata Kinyozi, hata mteja wake, ambao hawana mgonjwa. Benchi likaanguka nyuma yetu na vikombe vyote, na hakuna aliyegeuka.